Jiko la Peleti Linapogoma: Namna ya Kutafuta Hitilafu na Kuirekebisha Nyumbani

Jiko lenye feni linalotumia peleti, yaani vipande vidogo vigumu vya vumbi la mbao au mabaki ya mazao yaliyoshindiliwa, likianza kutoa moshi, kuzimika ugali ukiwa bado haujaiva au kukataa kabisa kuwaka, wenye nyumba wengi hukimbilia kufungua sehemu ya umeme wakiamini kwamba feni au betri imekufa. Mara nyingi chanzo hakiko huko. Jiko hili linategemea mambo matatu, yaani peleti kavu, njia ya hewa iliyo wazi na feni inayosukuma hewa kwa nguvu inayotakiwa, na mambo hayo yakikaguliwa kwa mpangilio huo huo, kuanzia lile lisilohitaji bisibisi, hitilafu nyingi hupatikana kabla ya skrubu hata moja kulegezwa. Mwongozo huu unafuata mpangilio huo, na umezingatia mazingira ya Dodoma na mikoa jirani ya kati, ambako vumbi la kiangazi, upepo na kukatika kwa umeme huliathiri jiko kwa namna ambazo vijitabu vya watengenezaji mara nyingi havizitaji.

Jambo hili lina uzito zaidi sasa kuliko miaka iliyopita. Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034 umeweka lengo kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia, na peleti ni mojawapo ya njia za kuachana na mkaa kwa familia isiyoweza kujaza mtungi wa gesi kila unapoisha. Familia hiyo ikinunua jiko, likaharibika na kuwekwa stoo kwa kukosa mtu wa kulitazama, itarudi kwenye mkaa, na kuishawishi tena itakuwa kazi ngumu.

Jinsi jiko linavyofanya kazi

Katika jiko la kawaida la kupikia la aina hii, peleti hujazwa kwenye chumba cha moto cha chuma na kuwashwa kutoka juu. Feni ndogo iliyo chini au ubavuni husukuma hewa kwa njia mbili. Sehemu moja hupita kwenye wavu wa chini na kupanda katikati ya peleti, ambako joto huzifanya peleti zitoe gesi. Sehemu nyingine hupanda kati ya kuta mbili za jiko na kutokea kwenye mstari wa matundu yaliyo karibu na ukingo wa juu, ambako hukutana na gesi hiyo na kuiunguza. Kwa hiyo mwali unaouona chini ya sufuria ni gesi inayoungua, si peleti zenyewe. Moto hushuka taratibu kuelekea chini, na peleti zikishatoa gesi yake yote hubaki makaa yanayong'aa bila mwali mkubwa.

Ukilifahamu hilo, moshi wenyewe unakuelekeza pa kuanzia. Moshi mweupe na mzito ni gesi iliyotoka kwenye peleti bila kuungua, ama kwa sababu mwali wa juu umezimika, ama kwa sababu peleti zina unyevu. Masizi meusi yanayoganda kwenye kitako cha sufuria ni dalili ya gesi iliyoungua nusu kwa kukosa hewa ya juu. Mwali mdogo unaolegea huku feni ikisikika vizuri humaanisha kwamba hewa inasukumwa lakini haifiki inakotakiwa. Jiko lililotulia bila mwali, bila moshi na bila mlio wa feni, hilo ndilo lenye tatizo la umeme.

Kabla ya kuligusa

Lipeleke jiko nje, mahali penye hewa, na ulifanyie majaribio yote huko. Gesi isiyoungua ina kaboni monoksidi, hewa yenye sumu isiyo na rangi wala harufu, na makaa yanayobaki baada ya mwali kwisha huendelea kuitoa hata pale ambapo hakuna moshi wowote unaoonekana. Usiku wa Juni na Julai Dodoma huwa na baridi kali, na wapo wanaoingiza jiko lenye makaa chumbani ili lipashe joto wakati watoto wamelala. Nasisitiza kwa nguvu zangu zote kwamba jambo hilo lisifanyike, liwe jiko zima au bovu. Mtu akipata maumivu ya kichwa, kizunguzungu au kichefuchefu karibu na jiko, atolewe nje mara moja na apelekwe kituo cha afya, hata kama anasema amepata nafuu.

Acha jiko lipoe kabisa, kisha chomoa chaja au waya wa betri. Usimwagie maji chumba cha moto kikiwa cha moto, kwa sababu chuma kinachopozwa ghafla hupinda na kupasuka, na maji yakifika kwenye feni utakuwa umejiongezea hitilafu ya pili.

Hatua ya kwanza: kagua peleti

Chukua peleti chache kutoka katikati ya gunia, si za juu tu, na uzivunje moja moja kwa vidole. Peleti kavu ina uso laini unaong'aa kidogo, na hukatika kwa mlio mkavu unaosikika. Iliyonyonya unyevu hupoteza mng'ao, huvimba, huonyesha mipasuko midogo ya mviringo ubavuni, na ukiiminya hugeuka unga kimya kimya. Peleti nzuri huwa na unyevu wa chini ya asilimia 10. Unyevu ukizidi, sehemu kubwa ya joto hutumika kukausha maji badala ya kutoa gesi, na hapo moshi mweupe hauishi hata ukiongeza feni hadi mwisho.

Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, takriban kuanzia Desemba hadi Aprili, na huo ndio wakati ambapo gunia lililolazwa kwenye sakafu ya saruji hunyonya unyevu kutoka chini bila mtu kuona. Liweke juu ya mbao, mbali na ukuta, au hamishia peleti za wiki moja kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana. Peleti zilizopata unyevu kidogo bila kuvimba zinaweza kuokolewa kwa kuzianika juani juu ya turubai kutwa nzima na kuzianua kabla ya umande. Zilizovimba hazirudi, zitengee kazi nyingine, kwa kuwa ukizichanganya na nzuri utaharibu moto wa zote.

Baada ya unyevu, angalia unga. Peleti zilizosafirishwa kwenye lori au bodaboda kwa barabara ya vumbi hufika zikiwa na unga mwingi chini ya gunia, na unga huo hujaza nafasi kati ya peleti, hewa ikakosa pa kupita. Zipitishe kwenye chekeche kabla ya kujaza jiko. Ni kazi ya dakika chache, na kwa maoni yangu hakuna hatua nyingine katika mwongozo huu inayotoa matokeo makubwa kwa gharama ndogo kiasi hicho.

Uliza pia peleti zimetengenezwa kwa kutumia kitu gani. Za vumbi safi la mbao huacha majivu ya takriban asilimia 1 au pungufu, wakati pumba za mpunga huacha majivu yanayokaribia asilimia 20 ya uzito wake. Za maganda ya alizeti, zao ambalo mkoa huu na Singida unalijua vizuri, zina potasiamu nyingi, na potasiamu hufanya majivu yayeyuke kwa urahisi zaidi na kugandamana kuwa magamba magumu yanayoziba wavu. Hii haina maana kwamba peleti hizo hazifai. Maana yake ni kwamba anayezitumia lazima asafishe wavu mara nyingi zaidi, na kwamba jiko lililokuwa likifanya kazi vizuri likianza kusumbua mara tu ulipobadilisha muuzaji, mshuku kwanza huyo muuzaji mpya kabla ya kulishuku jiko.

Hatua ya pili: angalia ujazaji na uwashaji

Peleti zikijazwa hadi kufunika matundu ya juu, hewa ya kuunguza gesi haina pa kutokea, na jiko litafuka hata likiwa jipya. Acha nafasi ya sentimita 2 au 3 chini ya mstari wa matundu hayo. Washa kutoka juu kwa vipande vyembamba vya mbao kavu au kiwashio cha moto, feni ikiwa imezimwa au ikiwa kwenye kasi ya chini kabisa, kisha ongeza kasi taratibu baada ya tabaka zima la juu kushika moto. Anayefungua feni hadi mwisho mapema huzima moto wake mwenyewe. Petroli isitumike kwa hali yoyote ile.

Kosa lingine la kawaida ni kuongeza peleti mpya juu ya makaa katikati ya mapishi, hasa maharage yanapokuwa bado magumu. Jiko linalojazwa mara moja halikuundwa kwa ajili hiyo. Peleti baridi juu ya makaa hutoa gesi nyingi kwa pamoja bila mwali wa kuiunguza. Ikitokea mwali umezimika na moshi mweupe unapanda, usiinamie jiko. Simama pembeni, punguza feni, kisha sogeza kijiti kirefu kinachowaka hadi ukingoni mwa jiko huku uso ukiwa mbali, kwa sababu gesi iliyokusanyika huwaka kwa ghafla.

Upepo nao usisahaulike. Kiangazi cha Dodoma kina upepo wa kutosha kupeperusha mwali hadi nje ya sufuria, na mtu anayepikia uani anaweza kudhani jiko limeishiwa nguvu. Likinge kwa bati au matofali upande unakotoka upepo, lakini usizibe mlango wa kuingizia hewa ya feni.

Hatua ya tatu: fungua njia za hewa

Toa makaa na majivu yote, kisha mulika tochi ndani ya chumba cha moto na utazame wavu wa chini tundu kwa tundu. Usiridhike kwa kuona kwamba majivu yamemwagika. Gamba lililoyeyuka huwa na rangi ya kijivu au kahawia, hung'aa kama kioo na hushikamana na chuma, hivyo linaweza kufunika nusu ya matundu huku wavu ukionekana safi kwa mbali. Ligonge taratibu kwa ncha ya bisibisi butu hadi libanduke, halafu pitisha msumari mwembamba kwenye kila tundu bila kulipanua, kwa kuwa tundu lililopanuka hubadilisha kiasi cha hewa kilichopangwa. Malizia kwa brashi ya waya. Fanya hivyo hivyo kwa matundu ya juu, ambayo huzibwa zaidi na masizi pamoja na chakula kinachofurika kutoka kwenye sufuria. Uji wa uwele ulioungua kwenye matundu hayo ni mgumu kutoka, na huhitaji kulainishwa kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu jiko likiwa baridi.

Geuza jiko na ukague mlango wa hewa wa feni. Vumbi jekundu huganda hapo na kutengeneza utando mzito, hasa pale ambapo jiko hukaa sakafuni na uwanja unafagiwa karibu yake. Jiko lililokaa bila kutumika kwa muda mara nyingi huwa na wageni: dondola hujenga viota vya udongo ndani ya uwazi wowote uliotulia, na mende hupenda joto la sehemu ya betri. Kiota cha udongo kivunjwe na kutolewa chote, kwa sababu kipande kimoja kikibaki kitaingia kwenye mapanga ya feni. Kuanzia hapo liweke jiko juu ya tofali au stuli ya chuma, angalau kimo cha shubiri moja kutoka chini.

Hatua ya nne: umeme na betri

Soma kwanza maandishi yaliyo kwenye chaja na kwenye jiko. Volti za vyote viwili lazima zilingane. Chaja ya simu inayotoa volti 5 haiwezi kuchaji betri ya volti 12, na chaja ya volti 12 ikiingizwa kwenye jiko la volti 5 huweza kuunguza saketi yake papo hapo. Katika nyumba yenye chaja nyingi zinazofanana, kuzichanganya ni rahisi mno, kwa hiyo ifungie ya jiko utepe wa rangi.

Hakikisha soketi ina umeme kwa kuchomeka kitu kingine, kisha kunjua waya wa chaja na uutazame mahali unapoingia kwenye plagi, kwani hapo ndipo hukatika kwa ndani bila ganda lake kupasuka. Kama una mita ya kupimia volti, au jirani fundi anayo, pima betri ikiwa imepumzika. Betri ya asidi ya volti 12 iliyojaa husoma takriban 12.6 hadi 12.8, ikisoma chini ya 12.0 inakaribia kwisha na inahitaji kuchajiwa. Kipimo cha maana zaidi ni kile cha feni ikizunguka: betri inayosoma vizuri ikiwa imepumzika lakini ikaporomoka mara tu feni inapowashwa imechoka, na kuichaji usiku kucha hakutaisaidia. Betri ya lithiamu iliyovimba isichajiwe tena wala kutobolewa. Itoe, iweke nje mbali na vitu vinavyoungua, na isitupwe kwenye moto wa takataka.

Wanaochaji kwa sola wafute paneli. Katika miezi ya vumbi paneli huchafuka upesi, na kitambaa chenye maji kinachopitishwa asubuhi, kabla kioo hakijapata moto, hurudisha nguvu ambayo wengi hudhani imepotezwa na betri.

Hatua ya tano: feni

Umeme ukiwa umechomolewa, zungusha mapanga ya feni kwa kidole. Yanapaswa kuzunguka kwa wepesi na kusimama polepole. Yakikwaruza au kusimama ghafla, toa feni, isafishe kwa brashi laini ya rangi, na tia tone moja la mafuta ya cherehani kwenye mhimili. Mafuta ya kupikia yasitumike, maana yakipata joto huganda na kunata, na feni itasimama kabisa baada ya muda.

Feni ikiwa nyepesi lakini haizunguki, iunganishe moja kwa moja na betri yenye volti zake, waya mwekundu kwenye chanya na mweusi kwenye hasi. Ikizunguka, tatizo liko kwenye swichi, kirekebisha kasi au nyaya za katikati. Angalia viungo vilivyoota kutu au kuachia risasi ya kuunganishia nyaya. Isipozunguka, imekufa. Unaponunua nyingine, nenda na ile ya zamani dukani ili upate yenye ukubwa ule ule kwa milimita, volti zile zile na kiwango kile kile cha umeme, kwa kuwa feni dhaifu yenye umbo linalofanana itaingia vizuri na jiko litaendelea kufuka. Ubavuni mwa feni nyingi kuna mshale unaoonyesha hewa inakoelekea; uelekeze ndani ya jiko.

Feni nyingi hufa kwa joto. Mpishi akimaliza na kuzima feni papo hapo huku makaa yakiwa bado yamejaa, joto hushuka kwenye plastiki yake. Mwaga makaa kwenye chombo cha chuma chenye mfuniko, nje ya nyumba, na uache feni izunguke taratibu kwa dakika chache zaidi.

Hatua ya sita: mwili wa jiko

Usiku, au ndani ya chumba chenye giza, ingiza tochi kwenye nafasi ya hewa iliyo kati ya kuta mbili na utazame ndani ya chumba cha moto. Mwanga unapaswa kuonekana kwenye matundu pekee. Ukionekana kwenye maungio au kwenye ufa, hewa inapotea hapo. Ufa wa chuma cha ndani upelekwe kwa fundi wa kuchomelea, tena umwambie ni chuma cha aina gani, kwani risasi ya kawaida itayeyuka siku ya kwanza. Uwazi mdogo kwenye ganda la nje, mbali na moto, unaweza kuzibwa kwa udongo wa kichuguu uliokandwa na majivu ukaachwa ukauke vizuri.

Majiko yenye tanki na skrubu ya kulishia

Yapo pia majiko makubwa yaliyotengenezwa kwa ajili ya kupasha nyumba joto katika nchi za baridi kama Italia na Marekani, yenye tanki la peleti na skrubu inayozilisha yenyewe. Hayo ni nadra huku kwetu. Kwa mwenye nalo, mota ikiunguruma bila skrubu kuzunguka, chomoa umeme, toa peleti zote na uondoe unga uliogandamana kwenye mfereji wa skrubu. Likikataa kuwaka lenyewe, safisha kikombe cha moto, yaani kibakuli ambamo peleti huungulia, kabla ya kuishuku koili ya kuwashia. Likizimika ovyo, kagua bomba la moshi na kamba ya kuzibia mlango: funga mlango ukiwa umebana kipande cha karatasi, na kikichomoka bila kukaza, kamba imechakaa. Swichi za usalama za mlango na za joto zisiunganishwe kwa waya ili kuzikwepa, kwa sababu kazi yake ni kuzuia moto na moshi visirudi ndani ya nyumba.

Kulijaribu baada ya marekebisho

Lijaribu nje. Jaza peleti nusu, liwashe kama ilivyoelezwa, na moshi wa mwanzo ukiisha bandika sufuria yenye mfuniko na lita 2 za maji. Mwali utulie na ujibu unapoongeza au kupunguza feni, kitako cha sufuria kisipate masizi mazito, na maji yachemke kwa muda uliouzoea jiko lilipokuwa zima. Andika muda huo mahali, ili siku nyingine ukirefuka ujue mapema kwamba wavu umeanza kuziba. Likitimiza hayo, lirudishe jikoni na uache dirisha na mlango wazi unapopika. Moto ukitokea na kukushinda, toa watu kwanza, kisha piga 114 kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Likishindikana, unapolipeleka kwa fundi mweleze rangi ya moshi, dakika ambayo hitilafu hutokea tangu kuwashwa, na kama feni hubadilisha mlio wakati huo. Mpelekee pamoja na chaja yake, na pia konzi kadhaa za peleti unazotumia nyumbani, kwa kuwa fundi anayelijaribu kwa peleti zake kavu anaweza kuliona zima, nawe ukifika nyumbani ukakuta hitilafu iko pale pale.